Gasketi ya hedi: kujua kama imekufa kweli, na nini kimeiua

Gari linachemsha likipanda mlima, maji yanapungua, na wa kwanza kufungua boneti ametikisa kichwa na kusema neno moja: gasketi. Huenda amepatia. Lakini kwenye gari lililotembea kilomita laki mbili au tatu kuna hitilafu kadhaa zinazotoa dalili hizohizo, na nyingi zinatengenezwa bila kugusa hedi, yaani kichwa cha juu cha injini: kifuniko cha rejeta kilicholegea, rejeta iliyoziba, feni inayozunguka kivivu, wota pampu inayotoa tone ambalo hukauka kabla ya kufika chini. Kufungua hedi ni kazi ya siku mbili tatu na pesa nyingi. Usiikubali kwa sababu tu mtu ametikisa kichwa.

Na hata pale gasketi inapokuwa imeungua kweli, ni nadra kufa yenyewe. Kuna kitu kilichochemsha injini kwanza. Ukibadilisha gasketi na kukiacha kitu hicho, utarudi gereji, na safari hiyo utaikuta hedi imepinda zaidi.

Inaziba nini hasa

Gasketi imelala kati ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na hedi, na inatenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupooza na oili. Dalili utakayoiona inategemea imekatika wapi. Ikikatika kati ya silinda na njia ya maji, gesi ya moto hupenya kwenye maji injini ikiwa inavuta, na injini ikizimwa maji hurudi polepole silindani. Ikikatika kati ya silinda mbili, maji hayapungui hata kidogo. Injini inakosa nguvu na kumisi tu, yaani silinda nyingine hazichomi sawasawa. Ikikatika kati ya njia ya maji na njia ya oili, unapata uji: oili iliyochanganyika na maji. Ikikatika ukingoni, utaona maji au oili ikichuruzika ubavuni mwa bloku.

Kwa hiyo ile hoja ya "mbona oili haijachanganya maji" haitoshi kuiachia gasketi huru. Nyingi hufa oili ikiwa safi kabisa.

Maji ya Arusha yanachemka mapema

Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi joto karibu 95, siyo 100. Mji wa Moshi, ulio chini zaidi, ni karibu 97. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ni kama 92. Sasa injini nzima, isiyo na tatizo lolote, hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na kitu na 95. Kinachozuia maji yake yasichemke ni kifuniko cha rejeta: kikiwa kizima huyabana maji kwa presha iliyoandikwa juu yake, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, na kiwango cha kuchemka kinapanda hadi zaidi ya nyuzi 110.

Kifuniko chenye springi iliyochoka kingeweza kuvumilika Dar es Salaam. Huku kinachemsha gari mlima wa kwanza, na kila dalili itaonekana kama gasketi: maji yanarudi kwenye tenki la akiba, yanamwagika, geji inapanda. Basi anza na kifuniko. Angalia mpira wake wa ndani kama umepasuka au umekauka, bonyeza springi, na ukiwa na shaka nunua kipya chenye namba ileile. Usiweke cha presha kubwa zaidi ukidhani unaongeza kinga. Rejeta ya zamani yenye kichwa cha plastiki itapasuka.

Maji yanapungua, chini pakavu

Kabla ya kusema injini inakula maji, hakikisha hayatokei nje. Maeneo yanayosahaulika ni haya: kitundu kidogo chini ya wota pampu, mipira ya hita nyuma ya injini, na hita yenyewe ndani ya gari, ambayo utaijua kwa kapeti ya mbele kuwa na unyevu na vioo kuingia ukungu wenye harufu tamutamu. Kwenye Noah na Hiace zenye hita ya nyuma, mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu huliwa na kutu. Lala chini uyaangalie kwa tochi.

Hapa ndipo wanaotumia maji matupu wanapojiponza. Kulanti (dawa ya rangi ya kupozea injini) ikivuja huacha alama ya unga wa waridi au kijani mahali ilipotokea. Maji ya bomba hukauka na ushahidi wake.

Mapovu, na mpira mgumu asubuhi

Hiki ndicho kipimo cha bure kilicho bora kuliko vyote, na kinafanyika nyumbani. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, kisha washa. Mapovu machache ya mwanzo ni ya kawaida, hasa kama maji yaliongezwa jana. Hewa iliyonaswa hutoka na kwisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, au maji kurushwa nje kwa mshindo injini ikiwa bado vuguvugu, hayo ni gesi ya silinda.

Kwa kipimo cha pili, siku nyingine injini ikiwa imelala usiku kucha, funga kifuniko, washa, na baada ya dakika moja minya mpira wa juu wa rejeta. Maji bado ni baridi, kwa hiyo presha haiwezi kuwa imetokana na joto. Mpira ukiwa umeshakuwa mgumu kama tairi la baiskeli, kuna kitu kinapuliza ndani, na kitu hicho ni kompresheni, presha ya ndani ya silinda.

Moshi mweupe

Kati ya Juni na Agosti kila gari la Arusha linatoa mvuke asubuhi na kudondosha maji meusi kwenye ekzosi. Huo ni unyevu tu. Moshi wa kushuku ni ule unaoendelea baada ya robo saa ya kuendesha, mzito, unaoning'inia hewani badala ya kupotea, na kama kuna kulanti una harufu tamu. Dizeli ina la kwake: ikiwa na plagi za kupashia joto zilizokufa hutoa moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli, na hauhusiani na gasketi. Wa buluu ni oili, shuku ringi za pistoni na sili za valvu.

Uji wa maziwa: uko wapi?

Mahali ulipouona uji ndipo penye jibu.

Chini ya kifuniko cha oili tu, na kijiti cha kupimia kikiwa safi: mara nyingi ni mvuke wa safari fupi za msimu wa baridi, nyumbani hadi kazini, injini haipati joto la kutosha kuukausha. Futa, piga safari ya Moshi mjini na kurudi, angalia tena.

Kwenye kijiti chenyewe, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa na kiwango kimepanda: maji yako kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Usiiwashe tena, hata kwa kuisogeza uani. Oili hiyo haibebi uzito, na beringi za krenki (shafti kuu ya injini) zitakwisha kabla ya gasketi kununuliwa.

Kwenye rejeta, uji wa waridi, na gari ni la otomatiki: simama hapo. Oili ya gia boksi hupozwa na kipoozeo kilicho ndani ya rejeta, na kikitoboka vitu viwili hivyo huchanganyika. Hedi nyingi zimefunguliwa bure kwa kosa hili, huku gia boksi ikiendelea kunywa maji na kubandua kluchi zake. Dawa ni rejeta mpya na kusafisha gia boksi mara moja.

Kwenye rejeta, utando mweusi wa oili, na injini ni dizeli ya Toyota kama 1HZ au 1KZ: mshuku kipoozeo cha oili sawa na gasketi. Injini ikizunguka, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, ndiyo maana oili inaingia kwenye maji na karta inabaki safi.

Inamisi ikiwashwa, kisha inatulia

Maji yamechuruzika silindani usiku. Ng'oa plagi zote uzipange kwa mfuatano wa silinda. Tatu za kahawia na moja nyeupe safi kama imeoshwa: imeoshwa kweli. Na kama asubuhi stata imegonga "ko" na krenki ikakataa kuzunguka, usiilazimishe. Maji hayabanwi, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Toa plagi, zungusha kwa stata maji yatoke, halafu gari lisiwashwe tena hadi litengenezwe.

Inachemsha wapi?

Swali hili linapunguza nusu ya watuhumiwa. Linalochemsha kwenye foleni au likiwa limesimama, na kupoa likishika kasi, lina tatizo la feni: ya umeme imekufa mota au rilei, ya kluchi imeishiwa nguvu ya kushika. Linalochemsha kwenye mlima mrefu au mwendo wa kasi, huku foleni ikilivumilia, lina rejeta iliyoziba, maji yasiyozunguka vizuri, au gasketi inayopuliza ikibebeshwa mzigo. Mteremko wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu na barabara ya Himo kwenda Marangu ni mahakama nzuri kwa kesi hizo. Lakini usilipeleke gari linaloshukiwa kule kwa makusudi.

Geji inayopanda kisha kuanguka ghafla kwenye baridi si nafuu. Mara nyingi kihisi kimebaki kwenye mvuke, maji hayakigusi tena. Zima injini papo hapo.

Vipimo vya gereji kabla ya kufungua

Kompresheni kwanza. Ng'oa plagi zote, zima mfumo wa mafuta na wa moto, betri iwe na nguvu, kanyaga mafuta mpaka chini, zungusha kwa stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Kumbuka mwinuko: kitabu kikisema psi 180, injini nzima ya Arusha itasoma kama 150, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Usimhukumu mtu kwa namba ya pwani. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Silinda mbili zinazopakana zote kuwa chini, mfano ya pili na ya tatu, ni alama ya ukuta wa gasketi kati yake. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda sana ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Kutofautisha valvu na gasketi, tumia kompresa. Weka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, weka gia na breki krenki isijizungushe ikakuvunja mkono, kisha puliza hewa kwenye tundu la plagi. Sikiliza. Upepo kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi. Kwenye mlango wa hewa ni valvu ya kuingizia. Kwenye kifuniko cha oili ni ringi. Mapovu rejetani, au upepo kutoka tundu la plagi la jirani, ni gasketi au ufa.

Kipimo cha dawa ya buluu nacho ni kizuri, kama fundi anacho: hewa ya rejeta hupitishwa kwenye dawa, na gesi ya moto huigeuza kuwa njano kwa petroli, kijani-njano kwa dizeli. Punguza maji kidogo kabla ya kupima, kwani kulanti ikiingia kwenye dawa huiharibu. Pampu ya kupimia presha ya rejeta hukamilisha: pandisha presha isiyozidi namba ya kifuniko, acha dakika 15, na plagi zikiwa nje chungulia nani ana maji.

Gasketi na ufa wa hedi hutoa majibu yaleyale katika vipimo vyote hivi. Tofauti inajulikana hedi ikiwa juu ya meza, basi usinunue gasketi kabla ya siku hiyo.

Kilichoiua

Kuondoa themostati, kizibo kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto, ndiyo dhambi kubwa ya gereji zetu. Watu huitoa "ili maji yatembee". Injini inafanya kazi baridi, inakula mafuta, oili inachakaa kwa unyevu. Na kwenye injini ambazo themostati yake ina diski ya pili inayofunga njia ya mkato, kuitoa kunaacha njia hiyo wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejetani. Gari linachemsha zaidi, na linachemsha pale unapobana mlima.

Maji ya bomba na ya kisima yanafuata. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana madini mengi, floraidi yake inaonekana kwenye meno ya wenyeji. Kila ukiongeza maji yaliyopungua kwa mvuke unaongeza madini mengine, na bila kulanti chuma kinashika kutu na aluminiamu inaliwa kuzunguka matundu ya maji, hasa pale gasketi inapotakiwa kuegemea. Tumia kulanti. Kama ni ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa, usije ukabeba asidi. Iliyokwisha kuchanganywa usiiongeze kitu, wala usichanganye aina mbili.

Rejeta ya miaka ishirini huziba ndani bila kuonekana nje. Injini ikiwa na joto na imezimwa, pitisha mkono mbele ya rejeta: sehemu za baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Nje nako, vumbi la barabara na mabawa ya wadudu hujaa kati ya rejeta na kondensa ya AC. Tenganisha hivyo viwili uoshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini.

Injini za Toyota za 1AZ na 2AZ, zilizomo kwenye Noah na Voxy za AZR60, RAV4, Ipsum na Harrier, zina ugonjwa wao: nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku ya aluminiamu hung'oka, hasa upande wa nyuma, na hedi inainuka kidogo ikipata joto. Ukiona bolti imetoka na nyuzi za aluminiamu zimeizunguka, au inazunguka tu bila kubana, gasketi mpya haitasaidia. Matundu yachimbwe na kuwekwa bushi za chuma zenye nyuzi, yote, siyo lile moja lililoonekana. Na 1KZ-TE ya Prado na Surf inajulikana kwa hedi kupasuka kati ya valvu. Pima ufa kwanza.

Kufungua

Injini ilale usiku kucha. Hedi ya aluminiamu ikifunguliwa bolti na joto lake, inapinda mikononi mwako. Mwaga maji, ya rejeta na ya bloku, kisha oili. Piga picha kwa simu kila mpira na waya kabla ya kuchomoa. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu, hakiki alama za taiming.

Bolti za hedi zilegezwe kwa kinyume cha mpangilio wa kubana: kutoka pembeni kuja katikati, kwa mizunguko mitatu. Zipange kwenye boksi lenye matundu, kila moja mahali pake. Injini kama 4A na ndugu zake zina bolti za urefu wa aina mbili, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itagonga chini na kudanganya spana.

Kisha soma gasketi ya zamani kabla ya kuitupa. Palipoungua pana weusi uliovuka ringi ya moto. Pistoni iliyokuwa ikipata maji ni nyeupe safi. Kuharibika mahali pamoja tu ni hadithi tofauti na kuliwa kote kote kwa kutu.

Kusafisha: kwarua kwa plastiki, mti mgumu au wembe uliolazwa. Usitumie diski ya msasa kwenye mashine ya hewa. Inachimba mabonde usiyoyaona, na vumbi lake linateremka hadi beringi za krenki. Matundu ya bolti yapulizwe yakauke kabisa. Oili au maji yaliyobaki chini ya tundu lisilotoka upande wa pili yanaweza kupasua bloku bolti inaposhuka.

Kwa watu wa turna

Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi na jaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) kwa mistari sita: miwili kwa urefu, miwili kwa upana, miwili ya pembe kwa pembe. Kwa Toyota nyingi za petroli kikomo ni milimita 0.05, unene ambao jicho haliuoni. Fanya vivyo hivyo kwenye bloku, wengi huisahau.

Hedi ipelekwe kupimwa ufa kwa presha ya hewa ndani ya maji ya moto kabla ya kufesiwa (kusawazishwa uso kwa mashine), maana kufesi hedi iliyopasuka ni kutupa pesa mara mbili. Kufesi kuwe kidogo iwezekanavyo, na urefu wa hedi upimwe na kulinganishwa na kikomo cha injini hiyo. Kuna mtego mwingine: hedi iliyopinda imepinda juu na chini. Ukisawazisha chini tu, mahali pa kemshafti, shafti inayofungua valvu, panabaki na upinde. Ifunge kemshafti bila valvu na uizungushe kwa mkono. Ikigoma katikati, hedi hiyo inahitaji kunyooshwa au kubadilishwa. Kusugua hedi kwa msasa juu ya kioo tusikujadili hata kidogo.

Kwenye dizeli nyingi gasketi huuzwa kwa unene tofauti wenye alama za herufi au mikato, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Kuchukua "yoyote ya 1KZ" dukani kunaweza kugongesha pistoni kwenye valvu au kuua kompresheni.

Kufunga

Gasketi iwekwe kavu. Silikoni inaruhusiwa tu kwenye vipembe ambavyo mtengenezaji amevitaja, kwa kawaida pale kifuniko cha taiming kinapokutana na bloku. Silikoni iliyozidi inakatika na kuziba njia ya oili. Hakikisha tundu la kupandisha oili halijafunikwa; gasketi ikigeuzwa, kemshafti itakauka na kusaga. Gasketi ya chuma ya matabaka inataka uso laini zaidi kuliko ile ya nyuzinyuzi, mwambie wa turna ni ipi utatumia.

Bolti zinazobanwa kwa digrii zimetengenezwa zinyooke kidogo zinapobanwa. Zipimwe kwa vernia au zibadilishwe. Zilizokonda shingoni hazirudi. Paka oili nyepesi ya injini kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Anza katikati, zunguka kwenda nje, kwa awamu. Mfano, 1NZ-FE ya IST na Spacio, sawa na 5A na 7A za Carina na Corolla: zote nyutoni-mita 29, halafu weka alama ya rangi kwenye kila kichwa, zungusha digrii 90 zote, kisha digrii 90 tena zote. Hizo 29 zipimwe kwa spana ya toki. "Mkono wangu unajua" na bomba refu ndiyo njia ya kurudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi hii.

Wakati umefungua, weka wota pampu, themostati mpya, taiming belti kama injini ni ya belti, na sili za valvu. Kazi ya kuzifikia umeshailipia.

Dawa za chupa, bizari na yai

Vikitiwa rejetani vinaziba, wakati mwingine, kwa siku kadhaa. Vinaziba pia mirija ya rejeta na hita. Kama gari linauzwa kwa vyuma, ni uamuzi wako.

Likichemka njiani

Zima AC, washa hita na feni yake hadi mwisho, tafuta pa kusimama. Mshale ukiwa juu lakini maji bado yapo na feni inazunguka, acha injini izunguke bila kukanyaga mafuta dakika moja mbili. Mvuke ukitoka au mshale ukigonga mwisho, zima. Usiguse kifuniko kwa muda usiopungua nusu saa. Kifungue kwa kitambaa kizito pale mpira wa juu unapominyika bila upinzani. Maji ya baridi kwenye injini ya moto hupasua hedi ambayo hadi dakika hiyo ilikuwa nzima. Kutembea na kifuniko kimelegezwa ili presha isipande kunapunguza kurushwa kwa maji, lakini kumbuka nyuzi zile 95: itachemka mapema, kwa hiyo nenda polepole, simama kila kilomita chache, iache ipoe, ndipo uongeze.

Kujaza na siku tatu za kwanza

Elekeza pua ya gari juu kwenye mteremko, na huku haukosekani, hita ikiwa kwenye moto. Jaza taratibu, washa bila kifuniko, minya mpira wa juu mara kwa mara mpaka mapovu yaishe na themostati ifunguke. Utaijua kwa mpira wa juu au wa chini kushika joto, kutegemea injini, na feni ya umeme kuwaka. Ongeza, funga.

Kama maji yalikuwa yameingia kwenye oili, weka oili ya bei nafuu na chujio kipya, endesha injini ikiwa imesimama kama dakika 20, mwaga vyote, weka ya kudumu, kisha badilisha tena baada ya kilomita 500. Siku tatu mfululizo, asubuhi injini ikiwa baridi, angalia kiwango rejetani na siyo kwenye tenki la akiba peke yake. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa inayotoka. Siku ya tatu maji yawe palepale na mpira wa juu uwe laini.